Kiwanja cha Kisumu, nyumba ya Nyakato

Majibu ya barua zenu kuhusu mirathi

Wasomaji wangu, mwezi huu nimepokea barua nyingi, lakini tatu nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinamhusu ndugu aliye ng'ambo ya mpaka. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilifanya kazi masijala ya mahakama hapa Mwanza miaka 27, nikipokea mafaili ya mirathi na kuyapanga kabatini. Mimi si wakili. Ninachowaambia hapa ni mahali pa kuanzia, na kwa barua ya kwanza hasa, wakili mtamhitaji.

*

*Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa Igoma, nina miaka 41. Baba yetu alifariki mwezi wa pili. Alikuwa Mluo wa Shirati, na ujana wake aliumalizia Kisumu kwenye meli za Reli ya Afrika Mashariki. Huko alioa kimila mwaka 1970, akapata watoto wawili na kununua kiwanja pembeni ya mji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 alikuwa huku na meli, akabaki Mwanza. Mwaka 1979 akamwoa mama yetu, naye kimila, tukazaliwa watatu. Mama wa Kisumu yupo hai, na mama yetu yupo hai. Baba hakuacha wosia. Ameacha nyumba Nyakato, mtumbwi na nyavu pale Kirumba, fedha benki, na hati ya kile kiwanja, ambayo tuliikuta kwenye sanduku lake. Baba mdogo anasema wale wa Kisumu tusiwaandike kwenye kikao cha ukoo, eti ndoa ile iliishia mpakani. Wao nao wametuambia kwa simu kwamba Mtanzania harithi ardhi ya Kenya. Nani mkweli? Na tuanzie mahakama ipi?*

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Hakuna aliyesema kweli, si baba mdogo wala hao wa Kisumu. Naanza na baba yako mdogo, kwa sababu yeye yuko karibu na anaweza kuwaharibia kabla hamjafika popote.

Ndoa haivunjwi na mpaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imetaja mambo yanayoimaliza ndoa: kifo, talaka, mahakama kuibatilisha, au mahakama kutamka kwamba mwenzi anadhaniwa amekufa. Serikali mbili kugombana haimo. Kama baba yako hakumrudisha mke huyo kwao wala kudai ng'ombe wake wa mahari, basi mama wa Kisumu alikuwa mke wake mpaka siku ile mwezi wa pili, na leo ni mjane kama alivyo mama yako. Na kwa kuwa ndoa zote mbili ni za kimila, moja haiifuti nyingine.

Najua neno la baba mdogo limetoka wapi. Mimi mwaka 1977 nilikuwa msichana wa shule, na nayakumbuka maneno ya wakati ule. Kwetu kulikuwa na Azimio la Arusha, kwao kila mtu na hati yake. Sisi tuliwaita manyang'au, wao wakatucheka kwa kukosa sabuni na sukari. Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Kirumba tulikuwa na jirani, mama wa makamo, aliyekuwa akienda bandarini kila ilipotia nanga meli, akiwa na picha ndogo ya pasipoti ya mumewe. Aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue, akiwaonyesha mabaharia mmoja mmoja. Baadaye picha ile ilififia hadi ikabaki kola ya shati na sikio moja, na bado aliionyesha. Kwa hiyo mtu akiniambia ndoa fulani iliishia mpakani, namkumbuka yule mama na ninakataa.

Hata Jumuiya yenyewe, ambayo ilikuwa kama marehemu mwenye mali, haikugawanywa kwa neno la mtu mmoja. Ililetwa timu ya usuluhishi ya Mswisi, Victor Umbricht, na mkataba wa kugawana mali na madeni ukatiwa saini Arusha Mei 1984, miaka 7 baada ya Jumuiya kuvunjika. Meli za baba yako nazo ziligawanywa: Uhuru ikabaki Kenya, Umoja na Victoria zikawa zetu. Serikali zilizokuwa zikitukanana redioni zilikaa mezani zikaandika kila behewa. Ninyi ndugu wa damu mshindwe kuandika majina matano?

Sasa sheria. Baba yako ameacha mali ya aina mbili, na kila aina ina njia yake.

Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema mali isiyohamishika iliyopo Kenya itarithiwa kwa sheria ya Kenya, hata marehemu awe amefia wapi na alikuwa na makazi wapi. Mali inayohamishika, yaani fedha, mtumbwi, nyavu, hata redio, hufuata sheria ya mahali ambapo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu alipofariki. Baba yako alikaa Mwanza zaidi ya miaka 40 na akazikwa huku, kwa hiyo hiyo ni sheria ya Tanzania. Nyumba ya Nyakato ipo Tanzania, hilo halina mjadala.

Elewa pia kwamba hizi ardhi mbili si kitu kimoja. Baba yako aliponunua kile kiwanja, Kenya ilikuwa inatoa hati ya umilikaji kamili: ardhi ni yako, unauza, unarithisha. Huku kwetu umilikaji wa namna hiyo ulifutwa mwaka 1963, ardhi ikawa ya umma chini ya Rais, nawe una haki ya kuitumia. Kwa miaka mingi tuliambiwa ardhi tupu haina bei. Ulichouza ni nyumba uliyojenga na miti uliyopanda. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiyo iliyokubali kwamba ardhi ina thamani. Ndiyo maana wazee wa kizazi cha baba yako wengi waliificha hati ya upande wa pili. Kuwa na kiwanja cha kununua kwa manyang'au lilikuwa jambo la kuonea haya.

Kisumu basi. Ndugu zako wamekosea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, haimzuii asiye raia kuwa na ardhi. Inasema atakuwa nayo kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na hata ukipewa haki kubwa zaidi ya hiyo itahesabiwa kuwa ya miaka 99. Kwa hiyo Mtanzania anarithi, ila anachopata ni haki isiyozidi miaka 99.

Na mgawanyo wake? Sheria ile ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na baba yako amefariki baada ya hapo, kwa hiyo inamhusu. Kifungu cha 40 kinazungumzia mwanamume aliyeoa zaidi ya mara moja kwa sheria inayoruhusu wake wengi. Mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai anahesabiwa kama mtu mmoja zaidi. Chukua karatasi uhesabu: nyumba ya Kisumu ina watoto wawili na mama yao, ni watatu. Nyumba ya Mwanza ina watoto watatu na mama yenu, ni wanne. Jumla saba. Kisumu mafungu matatu, Mwanza manne. Binti na mvulana sheria ile haiwabagui. Unaona sasa kwamba hao wanaowaambia hamna kitu wanalinda mafungu manne?

Huku kwetu hesabu haijanyooka hivyo, na hili ninalisema kwa uchungu. Kama mirathi itaendeshwa kimila, hakimu atafungua Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436. Amri ile inaweka warithi kwa daraja tatu: daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, la pili wavulana wengine, la tatu mabinti. Mjane mwenye watoto haingizwi kwenye mgawo. Hutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia Tanzania wazi kwamba kanuni hizi zinawaonea wajane na mabinti, na shauri hilo lilipelekwa na wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa kwenye nyumba za waume zao. Amri bado ipo vitabuni. Kwa hiyo mwanangu, usiende mahakamani ukidhani utapewa sawa kwa sababu ni haki. Nenda na ibara ya 13 ya Katiba yetu kichwani, ile ya usawa mbele ya sheria, na useme mapema kwamba nyumba ya Nyakato si ardhi ya ukoo. Baba aliitafuta mwenyewe mjini kwa mshahara wake.

Umeona lakini jambo lililojificha hapo? Kwa Amri hiyohiyo, mrithi wa daraja la kwanza ni yupi? Kama kati ya wale wawili wa Kisumu yupo wa kiume, ni yeye, mtoto wa kiume wa kwanza wa mke wa kwanza! Baba mdogo anayetaka mila ifuatwe, mila hiyohiyo inampa kiti cha mbele yule anayetaka kumficha. Mwambie hivyo kikaoni kwa adabu, mbele ya wazee.

Kuhusu pa kuanzia. Itisheni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari, na majina ya watoto wote watano na wajane wawili yawemo. Mkachukue cheti cha kifo. Mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa anaishi, kwa mali ya huku. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kupeleka orodha ya mali, ile fomu namba 5, na baada ya kugawa anapeleka fomu namba 6 ya mahesabu. Wengi hawapeleki. Nimeyaona mafaili yaliyokaa miaka 15 bila fomu namba 6, msimamizi mwenyewe ameshakufa, na watoto wanaanza upya.

Kwa kiwanja, fungueni shauri Kisumu kwenyewe. Kenya inaweza kuutia muhuri usimamizi uliotolewa na mahakama ya nchi nyingine ya Jumuiya ya Madola ili utumike kwao, lakini kwa familia yenye nyumba mbili mimi naona ni salama zaidi kuomba upya huko, wasimamizi wakiwa wawili, mmoja wa kila nyumba. Watatakiwa kuapa na kuorodhesha wajane wote na watoto wote. Tangazo litatoka kwenye Gazeti la Serikali, siku 30 za kupinga. Usimamizi ukitolewa, husubiri miezi 6 ndipo uthibitishwe na mgawanyo upitishwe. Na hapo ndipo kuficha kunapomrudi mtu: akigundulika mrithi aliyeachwa nje ya kiapo, kifungu cha 76 kinaruhusu usimamizi ufutwe, hata kama umeshathibitishwa.

Neno la mwisho kwako ni ushauri wangu, si sheria. Wale wa Kisumu ni raia wa Kenya, na Sheria yetu ya Ardhi haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji. Wakipewa chumba Nyakato kitawatesa tu. Ninyi nanyi mkipewa mafungu yenu ya kiwanja Kisumu, nani atakwenda kukilipia na kukilinda? Thaminisheni zote mbili. Kiwanja kibaki na wa Kisumu, nyumba ibaki na wa Mwanza, tofauti ifidiwe kwa zile fedha za benki, na makubaliano yaandikwe yasomwe kwenye mahakama zote mbili. Pande zote zikiridhia kwa maandishi, mahakama ya Kisumu inaweza kuyapitisha.

Na ile hati itoeni kwenye sanduku. Mwaka fulani alikuja mzee dirishani kwangu na hati kama hiyo, ameifunga kwenye mfuko wa rambo, mfuko ndani ya mfuko mara tatu. Tulipoifungua, mende walikuwa wamekula kona yote ya chini kulia, mahali pa namba ya kiwanja. Muhuri ulionekana, sahihi ilionekana, jina la baba yake lilionekana, na namba haipo. Alihangaika nayo mpaka nilipostaafu. Pigeni nakala leo, na kesho mtu wa Kisumu aende ofisi ya ardhi akaombe upekuzi wa daftari.

*

*Mama, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Malimbe. Tumebishana hosteli. Mwenzangu anasema nchi zisizotambuana, kama Korea mbili au China na Taiwan, raia wao hawawezi kurithiana kabisa. Mimi nasema damu ni damu. Nani amepatia?*

Marahaba. Wewe umepatia, lakini mwenzako hajakosea sana, kwa maana kurithi wanarithi, ila kwa masharti yanayouma.

Haya mambo nilianza kuyasoma kwa sababu ya mafaili kama ya binti wa Igoma. Nilitaka kujua wengine walifanyaje.

Taiwan kwanza. Mwaka 1949 serikali ya China ya chama cha Kuomintang ilishindwa vita na wakomunisti ikakimbilia kisiwani na jeshi lake. Askari wengi waliacha wake na watoto China bara wakidhani watarudi. Hawakuruhusiwa kwenda kuwaona hadi Novemba 1987. Fikiria, mpaka wetu na Kenya ulifungwa miaka 6 na ushei, wao miaka 38. Mzee akifia Taiwan, nani anarithi, mke wa bara au mke wa kisiwani? Mwaka 1992 Taiwan ikatunga sheria maalumu ya mahusiano kati ya watu wa pande mbili. Mrithi wa bara anakubalika, lakini lazima apeleke maandishi mahakamani ndani ya miaka 3 tangu marehemu afariki, asipofanya hivyo anahesabiwa kuwa amekataa urithi. Na akikubaliwa, fungu lake haliruhusiwi kuzidi dola milioni 2 za Taiwan. Nyumba hapewi, anapewa thamani yake kwa fedha, na kama ni nyumba ambayo warithi wa Taiwan wanaitegemea kuishi, haihesabiwi kabisa. Baadaye wake na waume kutoka bara walilegezewa kile kikomo cha milioni 2. Watoto wa bara wamebaki nacho.

Mimi hicho kikomo sikipendi. Mtoto aliyeachwa na mwaka mmoja, akakulia bila baba, halafu sheria inamwambia baba yako ni baba yako hadi milioni 2. Lakini angalau sheria imemtaja. Inajua yupo.

Korea ndiyo iliyonigusa zaidi. Vita vilisimama mwaka 1953 kwa mkataba wa kusitisha mapigano tu, mkataba wa amani haujawahi kusainiwa. Kwa Katiba ya Korea Kusini, rasi yote ni nchi yao, maana yake mtu wa Kaskazini si mgeni mbele ya mahakama ya Seoul. Basi kuna daktari aliyekimbilia Kusini wakati wa vita akiwa na binti mmoja, akaacha mke na watoto wengine Kaskazini. Akaoa tena, akatajirika, akafariki. Miaka ikapita, yule binti akawatafuta nduguze, na ndugu wanne walio Kaskazini wakafungua kesi Seoul kudai fungu lao. Watu ambao hawawezi kupiga simu kuvuka ule mpaka! Ili kuthibitisha kwamba ni watoto wake, zilipelekwa nywele zao na kucha zao, zikapimwa vinasaba. Kesi ya mali ikaisha kwa suluhu mwaka 2011, wakapata sehemu.

Serikali ya Kusini ikaona kesi nyingine zinakuja, na mwaka 2012 ikatunga sheria maalumu ya familia na urithi kati ya wakazi wa Kusini na Kaskazini. Mrithi wa Kaskazini haki yake inatambuliwa. Lakini mali inawekwa chini ya msimamizi anayeteuliwa na mahakama, na haiwezi kupelekwa Kaskazini bila kibali cha Waziri wa Sheria, kwa hofu kwamba itaishia mikononi mwa serikali ya huko. Ndoa ya pili iliyofungwa Kusini haifutwi kwa sababu tu mke wa kwanza alibaki Kaskazini. Wamejaribu kuwaheshimu wajane wote wawili, na hilo ndilo ninalomwombea binti wa Igoma.

Mwambie mwenzako pia habari ya Ujerumani, maana pale mpaka uliondoka kabisa tarehe 3 Oktoba 1990. Watu wa Magharibi waliokuwa na nyumba za urithi Mashariki wakarudi na makaratasi. Sheria ya mwaka huohuo ikasema kurudisha mali kutangulie fidia, na madai ya nyumba na ardhi yaletwe kabla ya mwisho wa mwaka 1992. Ukawa mtihani: ndani ya nyumba unayodai kuna familia iliyokaa miaka 30, imepaka rangi, imepanda miti. Mwenye karatasi ana haki, na mwenye miti ana haki yake. Hapo sheria ilimpendelea mwenye karatasi, na sidhani ilifanya vema kila mara.

*

*Mama, salaam kutoka Nansio. Mimi ni mzee wa miaka 74. Kaka yangu alisoma Leipzig, Ujerumani Mashariki, miaka ya 60 mwishoni. Alirudi, akaoa hapa, akafariki mwaka 2019, ameacha shamba la michungwa na nyumba kijijini. Sasa tumepata barua kutoka kwa mwanamke wa Leipzig anayesema kaka alikuwa baba yake, na ameambatanisha picha. Amefanana na mama yetu mzazi kabisa. Watoto wa kaka wanaogopa atachukua shamba, wanataka tusimjibu. Nifanyeje?*

Salaam kaka yangu, na hongera kwa kuleta jambo hili hadharani badala ya kuichoma barua.

Watoto watulie. Shamba halichukuliwi. Kaka yako alikuwa na makazi yake Ukerewe na amefia Ukerewe, kwa hiyo sheria ya Ujerumani haimhusu. Ardhi ni ya kijiji, na asiye raia haruhusiwi kupewa. Na ile Amri ya mwaka 1963 niliyomtajia binti wa Igoma inamfungia mlango mtoto wa nje ya ndoa ambaye baba hakumhalalisha, isipokuwa kama kuna wosia. Ungeniuliza sheria tu, ningeishia hapo.

Ila nataka watoto wajue jambo moja. Ujerumani Mashariki, kwa sheria yao ya kiraia iliyoanza tarehe 1 Januari 1976, ilimpa mtoto wa nje ya ndoa haki sawa ya kumrithi baba yake. Ujerumani Magharibi, nchi tajiri, iliwaacha nje watoto wa namna hiyo waliozaliwa kabla ya Julai 1949, na ni baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuikosoa Ujerumani iliyoungana mwaka 2009 ndipo walipobadilisha. Kwa hiyo mwanamke huyu amekulia mahali ambapo hakuna aliyemwambia yeye ni nusu mtoto. Barua yake inaposema "baba yangu" anamaanisha hivyo, bila hila.

Hujaniambia amewaomba nini. Umeandika kwamba ameleta picha. Mara nyingi niliwaona watu wa namna hii dirishani kwangu, na wengi hawakuulizia mali. Waliulizia kaburi liko wapi, na kama kuna picha ya baba akiwa mzee, kwa sababu wao wanayo ya ujana tu. Muulize kabla ya kumwogopa. Akitaka mali, mwambieni ukweli wa sheria kama nilivyoueleza, na mkiona vema mumtengee kitu kwa fedha kwa hiari yenu, kiandikwe kwenye muhtasari wa ukoo, msimamizi aone.

Jibu uliandike wewe, kwa mkono wako, kwa Kiswahili. Kutafsiri atajua mwenyewe. Weka na jina kamili la mama yenu, yule anayefanana naye, na mahali alipozaliwa. Na kama michungwa ya kaka yako bado inazaa, mpige mtu picha shambani, kaburi lionekane nyuma.